Bwana Babbage na Vipande 25,000

Wengi wetu hapa Mvumi tumefundishwa kwamba Charles Babbage ndiye baba wa kompyuta, na habari zake zikaishia hapo. Napenda kuwaeleza zaidi kidogo, maana maisha yake yamfaa kila mtu anayetaka kuunda mashine kwa vipande vilivyotoka mahali mbalimbali. Nami ni mmoja wa watu hao. Mimi na kaka yangu tunaweka akiba ya fedha za mpunga ili tuunde kompyuta yetu wenyewe, yenye nguvu ya kuchezea gemu.

Bwana Babbage alizaliwa London, Uingereza, tarehe 26 Desemba, 1791. Baba yake alikuwa mtu wa benki, mwenye mali. Mwaka 1810 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati, na tangu 1828 hata 1839 alikuwa profesa wa hisabati huko huko.

Siku zile mabaharia na wahandisi walitegemea vitabu vya majedwali ya hesabu, vilivyokokotolewa na watu kwa mkono. Tarakimu moja ikikosewa, yaweza kupeleka jahazi mwambani. Mwaka 1821 Babbage na rafiki yake John Herschel walikuwa wakisahihisha majedwali ya namna hiyo, wakachoshwa na wingi wa makosa. Ndipo Babbage akafikiri kuunda mashine ya magurudumu ya meno itakayokokotoa yenyewe. Mwaka 1822 alionyesha mfano mdogo, na mwaka 1823 Serikali ya Uingereza ikaanza kumpa fedha.

Mashine yenyewe ilihitaji vipande 25,000 hivi, na hapo ndipo penye taabu. Leo ukinunua nati Kilosa, itaingia katika bolti ya kipimo hicho hicho iliyonunuliwa Morogoro. Siku za Babbage kila karakana ilikuwa na kipimo chake. Magurudumu mamia yalitakiwa yafanane kabisa, na kabla ya kuyachonga ilibidi kwanza zitengenezwe zana za kuyachongea. Kazi hiyo alipewa fundi hodari, Joseph Clement. Mwaka 1827 Babbage alifiwa na baba yake na mkewe Georgiana, lakini kazi haikuachwa.

Mwaka 1832 sehemu moja yenye vipande 2,000 hivi ilikamilika, nayo ilifanya kazi vizuri. Mwaka uliofuata Babbage na Clement waligombana kwa ajili ya malipo na kuhamisha karakana. Kwa desturi ya wakati ule zana alizotengeneza fundi zilikuwa mali yake, basi Clement akabaki nazo, na kazi ikasimama. Mwaka 1842 Serikali ilikataa kuendelea, ikiwa imekwisha kutumia zaidi ya pauni 17,000. Babbage alichora mashine nyingine kubwa zaidi, lakini alipofariki tarehe 18 Oktoba, 1871, hakuwa amekamilisha hata moja.

Katika karakana ya Clement aliwahi kufanya kazi kijana mmoja, Joseph Whitworth. Mwaka 1841 kijana huyo, ambaye sasa alikuwa na karakana yake Manchester, alipendekeza kwamba hesi za bolti zote za Uingereza ziwe na pembe moja ya digrii 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake ya hesi kwa inchi moja. Mafundi wengi wakafuata. Kwa Babbage, jambo hilo lilikuja miaka minane baada ya kazi yake kusimama.

Je, michoro yake ilikuwa haifai? La. Mwaka 1991 Jumba la Makumbusho la Sayansi la London liliunda mashine yake ya pili kwa kufuata michoro hiyo, nayo ikakokotoa sawasawa. Sehemu ya kuchapa ilikamilika mwaka 2002. Yote pamoja ina vipande 8,000 na uzito wa tani 5.

Sisi wa Kilosa tunao mfano mbele ya macho yetu. Reli ya zamani iliyojengwa na Wajerumani ina upana wa milimita 1,000, na reli mpya ya SGR ina milimita 1,435. Behewa zima la reli moja haliwezi kupita juu ya nyingine.

Hata katika kompyuta ni vivyo hivyo. Prosesa ya Ryzen 5 5600 hukaa katika soketi ya AM4, na Ryzen 5 7600 yataka AM5. Ubao mkuu wa AM5, ambao mafundi huuita mazabodi, hupokea RAM ya DDR5 tu; ile ya DDR4 mkato wake uko mahali pengine, haiingii. Pawa saplai nayo iwe na wati za kutosha, na kasha liwe na nafasi ya kuitosha kadi ya picha kwa urefu wake.

Kipande kimoja kikikataa, kwetu ni nauli nyingine ya Dar es Salaam, na gunia la mpunga limekwenda bure. Kwa hiyo tumeandika orodha: prosesa kwanza, kisha mazabodi ya soketi hiyo, kisha RAM, kadi ya picha, pawa saplai, na kasha mwisho. Kila kipande tunakilinganisha na kile kilichotangulia, na fedha bado ziko sandukuni.