Mfahamu Simo Häyhä, mdunguaji aliyeikataa darubini
Alikuwa mkulima na mwindaji tu wa Finland, mfupi wa kimo, mpole. Lakini kwenye Vita vya Majira ya Baridi, 1939 hadi 1940, anatajwa kuua zaidi ya wanajeshi 500 wa Kisovieti katika eneo la Kollaa.

Cha kushangaza, bunduki yake, M/28-30, haikuwa na darubini. Kwa nini? Darubini ingemlazimu ainue kichwa zaidi. Kioo chake kinang'aa juani, na kwenye baridi kali kinashika ukungu. Yeye alilengea vyuma viwili tu, cha nyuma na cha mbele.

Ila vyuma hivyo lazima virekebishwe kwanza. Unaiegemeza bunduki, unapiga risasi kadhaa, unaangalia zimetua wapi. Zikienda kushoto, chuma cha mbele unakisogeza kushoto hukohuko. Ni kama kinyume, eeh? Lakini ukishakisogeza, ili vyuma vikae mstari mmoja tena, mtutu unalazimika kwenda kulia.

Häyhä alifanya mazoezi hayo miaka mingi kabla ya vita.

Tarehe 6 Machi 1940, risasi ya adui ilimpasua taya. Alizinduka Machi 13, siku vita vilipoisha.

Uso wake ukabaki na kovu maisha yote. Alirudi kulima, kuwinda na kufuga mbwa, na idadi ya aliowaua hakuwahi kujisifia. Alifariki 2002, akiwa na miaka 96.