Bwana Johannes Rebmann na Njia ya Nyika ya Taru

Wengi wetu tumepata kusikia jina la Bwana Johannes Rebmann, kwa kuwa ndiye Mzungu wa kwanza aliyeandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Lakini njia aliyoipita hata akaufikia mlima ule haisimuliwi sana, wala miaka mingi iliyofuata baadaye. Tumeona vema kuyaeleza mambo hayo hapa, maana ndani yake limo neno kwa kila mtu aliyefanya kazi ya Bwana siku nyingi asione mavuno.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani, akalelewa katika kanisa la Kilutheri la nchi ile. Alipokuwa kijana akaingia chuo cha misioni cha Basel, Uswisi, kisha akapokewa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, nacho kikamtuma Afrika. Mwezi wa Juni 1846 akashuka Mombasa. Hapo alimkuta Dr. Krapf, mtu wa Württemberg kama yeye, ambaye mwaka 1844 alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga katika nchi hiyo. Mwezi wa Agosti wote wawili wakahamia Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, nao walikuwa wagonjwa wa homa siku hiyo hiyo ya kuhama.

Mtu akisimama Rabai na kutazama magharibi, aiona nchi ikishuka na kuenea hata macho yachoke. Hiyo ndiyo nyika, na sehemu yake iliyo kavu kuliko zote huitwa Taru. Si jangwa la mchanga mtupu. Ni nchi ya udongo mwekundu na vichaka vya miiba, visivyo na majani karibu mwaka mzima, vilivyosongamana hata njia ikawa nyembamba kama ya mbuzi. Mito haimo. Maji hupatikana katika mashimo ya mwamba, ambayo watu huyaita ngurunga, nayo hujaa wakati wa mvua tu. Msafara ukiyakuta yamekauka, hauna budi kukaza mwendo hata kilima cha Maungu, na hapo wapagazi wenye kiu huupanda mlima kuyatafuta maji. Siku zile watu walikuwa wachache mno katika nchi hiyo, lakini faru na ndovu walikuwa wengi, na wasafiri waliogopa vita vya Wagalla na Wamasai. Kwa hiyo wafanya biashara wa pwani walipita kwa misafara mikubwa yenye bunduki.

Bwana Rebmann hakupita hivyo. Mwezi wa Oktoba 1847 alikwenda kwanza hata Kasigau katika nchi ya Wateita, akarudi salama. Kisha tarehe 27 Aprili 1848 akashika njia ya kwenda Uchagani pamoja na kiongozi wa misafara, Bwana Kheri, na wapagazi wachache, wasiofika kumi. Bunduki hakuchukua. Silaha yake mwenyewe ilikuwa mwavuli, wa kujikinga jua na mvua. Watu wa Mombasa waliona ni wazimu mtu kuingia nyika namna hiyo. Lakini yeye alijua kwamba mtu anayeleta habari ya amani akija na silaha, watu wataitazama silaha kabla ya kulisikia neno.

Wakapita Taru, wakapita Uteita, wakazidi kwenda. Tarehe 11 Mei asubuhi aliona mbele yake mlima mrefu, na juu yake kitu cheupe, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi ni kitu gani. Yule hakuwa na jina lake, akajibu kwa neno moja tu, kwamba ni baridi. Ndipo Bwana Rebmann alipotambua kuwa ni theluji. Walipopumzika alifungua Biblia yake akasoma Zaburi ya 111, inayosifu matendo makuu ya Mungu. Baadaye akafika Kilema, na Mangi Masaki akampokea kwa wema.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule akaivuka Taru tena, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, akapewa ahadi nzuri. Akarudi Rabai na moyo wa furaha. Mwezi wa Aprili 1849 akaondoka mara ya tatu na mizigo mingi, kwa kuwa alitaka kupita Uchaga na kuendelea hata Unyamwezi. Lakini huko Machame Mangi yule yule alimtoza mali yake kidogo kidogo, hata asibaki na kitu cha kuendelea na safari. Mvua zilikuwa kali, naye akaugua sana. Akarudi mikono mitupu, akaivuka nyika akiwa dhaifu, akafika Rabai mwishoni mwa Juni. Hakuuona mlima tena.

Tena Ulaya hawakumsadiki. Habari zake zilipochapishwa mwaka 1849, mjuzi wa ramani mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa ameikanyaga nchi ile, alisema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta, na kwamba macho ya mmisionari yalimdanganya. Ubishi huo ulidumu miaka mingi. Hata mwaka 1862 Baron von der Decken alipoupanda mlima na kuangukiwa na theluji mwenyewe, ndipo ilipojulikana nani amesema kweli.

Bwana Rebmann alikaa Rabai wakati huo wote. Dr. Krapf alirudi Ulaya kwa sababu ya ugonjwa. Mtoto wa pekee wa Bwana Rebmann alikufa mchanga, na mwaka 1866 mkewe, Bibi Emma, naye akafa. Wakristo wake walikuwa wachache, wa kuhesabika. Akafundisha hao wachache, akaandika kamusi za lugha za nchi, akaitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Macho yale yaliyobishiwa na wajuzi yakapofuka kidogo kidogo. Mwaka 1875, baada ya miaka 29, akarudi Ujerumani akiongozwa na kijana Mwafrika, kwa kuwa hakuweza tena kuiona njia. Akakaa Korntal, karibu na Dr. Krapf, akafa huko tarehe 4 Oktoba 1876.

Kama tungalimwuliza siku ile amepata faida gani, angalikuwa na machache ya kutuonyesha. Safari tatu za Uchagani, wala hakuacha kanisa hata moja mlimani. Lakini mwaka 1893, miaka 44 baada ya kuondoka Machame kwa huzuni, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame hapo hapo wakaanza kazi, na usharika ukazaliwa mahali alipopoteza mizigo yake. Leo reli na barabara zimepita katikati ya Taru, na mtu huimaliza kwa saa chache, labda akiwa amelala usingizi.

Ndugu, wako kati yetu walimu wanaofundisha watoto watano katika darasa la ubatizo, na wazee wanaokwenda kila mwezi katika kijiji ambacho hakuna anayewasikiliza. Tusiwahesabu kuwa wameshindwa, wala wao wenyewe wasijihesabu hivyo. Mtu aliyepita nyika ya kwanza hakujua nani atakayefuata nyuma yake. Aliijua tu kazi aliyotumwa, akaishika hata macho yake yakafumba.