Choh Hao Li: Mkemia aliyefungua siri ya kimo cha mtoto

MTOTO ambaye mwili wake hautengenezi homoni ya ukuaji leo anaweza kutibiwa kwa sindano na akafikia kimo kinachokaribiana na cha wenzake. Miaka sabini iliyopita jambo hilo halikuwezekana. Mmoja wa watu waliofungua njia hiyo ni Choh Hao Li, mzaliwa wa China aliyefanyia kazi zake Marekani.

Li alizaliwa Guangzhou, kusini mwa China, mwaka 1913. Alisoma kemia katika Chuo Kikuu cha Nanking na kuhitimu mwaka 1933. Miaka miwili baadaye alivuka bahari hadi California, ambako kaka yake alikuwa akisoma. Chuo Kikuu cha Berkeley kilisita kumpokea, kwa kuwa hakikukitambua chuo alichotoka. Li alionyesha utafiti wake uliokwisha kuchapishwa katika jarida la kemia la Marekani, naye akapewa nafasi ya majaribio. Mwaka 1938 alikuwa na shahada ya uzamivu mkononi.

Mwaka huohuo alijiunga na maabara ya Herbert Evans, mtafiti aliyekuwa ameonyesha tangu mwaka 1921 kwamba majimaji ya tezi ya pituitari yakidungwa kwa panya, panya hukua kupita kiasi. Tezi hiyo iko chini ya ubongo, na kwa binadamu haizidi ukubwa wa punje ya mbaazi. Evans alijua kwamba ndani yake kuna kitu kinachokuza mwili. Kazi ya Li ilikuwa kukitenga na vingine vyote hadi kibaki chenyewe.

Mwaka 1944 wawili hao walifanikiwa kutenga homoni ya ukuaji ya ng'ombe, na matumaini yakapanda. Wakati huo wagonjwa wa kisukari walikuwa wakitibiwa kwa insulini ya ng'ombe na nguruwe kutoka machinjioni, hivyo wengi walidhani homoni ya ukuaji nayo ingefuata njia hiyo. Haikuwa hivyo. Watoto waliodungwa homoni ya ng'ombe hawakukua.

Li alitafuta sababu. Mwaka 1956, akiwa na Harold Papkoff, alitenga homoni ya binadamu na ya nyani, akaonyesha kwamba si sawa na ile ya ng'ombe. Mwili wa binadamu huitikia homoni ya binadamu au ya nyani, basi. Mwaka 1958 daktari Maurice Raben wa Boston alitangaza kwamba kijana wa miaka 17 aliyedungwa homoni iliyotoka kwa binadamu ameanza kurefuka.

Hapo likazuka tatizo ambalo mfanyabiashara yeyote atalielewa: mahitaji makubwa, mali haipo. Homoni ilipatikana katika tezi za maiti pekee, na mtoto mmoja alihitaji dawa ya makumi ya tezi kwa mwaka. Marekani iliunda chombo cha taifa cha kukusanya tezi hizo mwaka 1963. Hata hivyo madaktari walilazimika kuchagua nani apate na nani akose.

Li aliona kwamba dawa itatosha iwapo tu itatengenezwa, na huwezi kutengeneza usichojua umbo lake. Mwaka 1966 alitangaza mpangilio wa homoni hiyo, mnyororo wa asidi amino 188. Mwanzoni mwa mwaka 1971 habari zilienea duniani kwamba ameiunda maabara. Lakini dawa yake ilikuwa na nguvu kidogo tu, na mwaka huohuo watafiti wa Boston walionyesha kwamba mpangilio wake una kasoro. Li alirudi kwenye mizani, akapima upya, akachapisha masahihisho. Leo inajulikana kwamba asidi amino hizo ni 191.

Hakuishia hapo. Katika miaka ya 1970 alichunguza tezi za ngamia kutoka Iraq, akitafuta homoni inayohusika na mafuta ya mwili. Alichokuta ni kitu kingine: endofini, kemikali ya mwili inayopunguza maumivu kwa nguvu kubwa. Wanaosafirisha ngamia kupitia Moyale huenda hawajui kwamba mnyama wao ana sehemu katika historia hiyo.

Mwaka 1985 ulileta msiba na nafuu kwa pamoja. Iligundulika kuwa vijana waliowahi kudungwa homoni ya maiti walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, uliotokana na tezi zenye maambukizi. Marekani ilisitisha dawa hiyo mwezi Aprili. Mwezi Oktoba iliidhinisha homoni ya kampuni ya Genentech, inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Tezi za maiti hazikuhitajika tena.

Li alifariki dunia Novemba 1987, akiwa na umri wa miaka 74. Aliacha machapisho zaidi ya 1,000 na tuzo ya Lasker aliyopewa mwaka 1962.

Kwa mzazi wa ukanda wetu, maisha yake yana funzo la matumizi. Sindano hii si ya kila mtoto mfupi. Wengi wanaodumaa kwetu wamekosa lishe bora au wameugua mara kwa mara, na tiba yao huanzia hapo. Homoni hutolewa baada ya vipimo vya hospitali, hudungwa kwa miaka kadhaa, mara nyingi kila siku, na huhifadhiwa kwenye baridi. Haifai kununuliwa kwa kubahatisha wala kubebwa juani kwenye mzigo. Hatua ya kwanza ni rahisi na iko karibu: kadi ya kliniki. Mstari wa ukuaji ukilala kwa miezi, mpeleke mtoto kwa daktari mapema, kwa kuwa mifupa ikishakomaa sindano haiwezi tena kuongeza kimo.