Freddie Mercury aligoma kurekebisha meno

Ukimtazama Freddie Mercury kwenye YouTube, kitu cha kwanza utaona ni meno. Usijifanye hujaona. Alizaliwa na manne ya ziada, yakayasukuma ya mbele nje, na shuleni wakamcheka. Pesa zilipokuja angeyarekebisha siku yoyote. Alikataa, akihofia sauti itabadilika.

Na msee, huyo ni wa hapa jirani. Alizaliwa Farrokh Bulsara, Unguja, Septemba 5, 1946, wazazi wakiwa Maparsi kutoka India, baba keshia wa serikali ya Mwingereza. Alipelekwa shule ya bweni India akiwa mdogo, na huko ndiko jina Freddie lilianza. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 familia ilikimbilia Uingereza, ikatulia Feltham, karibu na Heathrow. Kijana akabeba mizigo uwanjani, akasomea michoro chuo cha Ealing, akauza nguo kuukuu Kensington na mpiga ngoma Roger Taylor. Mitumba, eeh.

Mwaka 1970 wakaungana na mpiga gitaa Brian May. Jina Queen ni la Freddie, na nembo aliichora yeye.

Sasa sikia hii. 1975 anakuja na “Bohemian Rhapsody”: karibu dakika sita, haina kiitikio, katikati ni opera. Kampuni ikasema ni ndefu mno kwa redio. Wao wakagoma kuikata. Mtangazaji Kenny Everett, beshte yake, akaicheza mara 14 wikendi moja, na ikakaa namba moja Uingereza wiki tisa.

Ukiwa na bando, tafuta Wembley, Julai 13, 1985, tamasha la Live Aid la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Walipewa dakika kama 20 tu. Kuna mahali anapaza sauti bila neno lolote na watu zaidi ya 70,000 wanamrudishia. Rudia hapo.

Mwaka 1987 akajua ana Ukimwi. Magazeti ya London yalimwinda, yakichapisha picha zake akiwa amekonda, naye akanyamaza na kuendelea kurekodi. Wengine husema angejitokeza mapema angesaidia wengi. Mimi sioni deni lolote hapo. Mwili ulikuwa wake. Taarifa ilitoka Novemba 23, 1991. Kesho yake jioni akafariki nyumbani kwake, miaka 45. Mazishi yaliongozwa na makuhani wa Kizoroasta, dini ya wazazi wake, baba na mama wakiwapo.