Maisha ya Carl Auer von Welsbach: Somo la Subira kwa Mwalimu wa Sayansi

Walimu wengi wanapofundisha sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hutaja jina la mgunduzi, mwaka na kitu alichokigundua, kisha huingia katika mada nyingine. Mwanafunzi hubaki na dhana kwamba ugunduzi humshukia mtu kama ndoto, na kwamba yule ambaye jaribio lake limeharibika mbele ya wenzake hakuumbiwa sayansi. Dhana hiyo huwakatisha tamaa watoto mapema, na wengine hawarudi tena. Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa maisha ya Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria, ambaye mafanikio yake hayaelezeki bila kueleza pia yale yaliyomshinda.

Auer alizaliwa mjini Vienna tarehe 1 Septemba, 1858. Baba yake, Alois Auer, alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha uchapaji cha Dola ya Austria, naye alivumbua mbinu za uchapaji. Alifariki mwaka 1869, mwanawe akiwa hajatimiza miaka 11. Kijana huyo alisoma Vienna, na mwaka 1880 akaenda Heidelberg, Ujerumani, kwa Profesa Robert Bunsen. Huko alijifunza kutumia spektroskopi, chombo kinachoutawanya mwanga katika rangi zake. Bunsen na mwenzake Gustav Kirchhoff walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake ya rangi isiyofanana na ya nyingine. Mwaka 1882 Auer alipata shahada ya udaktari, akarejea Vienna na kufanya kazi bila mshahara katika maabara ya Profesa Adolf Lieben.

Kazi aliyojitwalia ilikuwa ya metali za ardhi adimu. Metali hizo ni 17, na baadhi yake si adimu kama jina linavyodai. Seriamu, kwa mfano, inakaribia shaba kwa wingi katika gamba la dunia. Taabu yake ni kwamba hukaa pamoja katika jiwe moja, na tabia zake za kikemia hufanana mno. Asidi inayoyeyusha moja huyeyusha na jirani yake. Mwaka 1841 Msweden Carl Gustaf Mosander alitangaza mojawapo akaiita didimiamu, yaani pacha, kwa kuwa iliandamana daima na lanthanamu. Kwa zaidi ya miaka 40 wanakemia waliihesabu kuwa elementi moja.

Auer alitengeneza chumvi ya didimiamu, nitrati maradufu yenye amonia, akaimumunyisha, akaupasha moto mmumunyo na kuuacha upoe hadi sehemu yake ikawa fuwele. Fuwele hizo zilikuwa na tofauti ndogo sana na maji yaliyobaki. Alizitenga, akarudia kazi ileile kwa fuwele, akarudia kwa maji, na kila hatua akaipima kwa spektroskopi. Baada ya marudio zaidi ya 100 alipata chumvi mbili: moja ya kijani, nyingine ya rangi ya waridi inayoelekea zambarau. Mwezi Juni, 1885, aliiarifu Akademia ya Sayansi ya Vienna kwamba didimiamu si elementi, bali ni elementi mbili, ambazo leo tunaziita praseodimiamu na neodimiamu.

Mwaka huohuo aliomba hataza ya kifuko cha taa ya gesi. Alilowesha kitambaa cha pamba katika mmumunyo wa chumvi za metali, akakichoma. Pamba iliteketea, ukabaki utando wa oksidi uliong'aa sana ndani ya mwale wa moto. Kifuko cha kwanza kilikuwa cha oksidi za magnesiamu, lanthanamu na itriamu. Mwanga wake ulikuwa wa kijanikijani, nacho kilivunjika kwa urahisi. Wanunuzi hawakukipenda, na mwaka 1889 kiwanda kilifungwa. Auer alirudi maabara. Mwaka 1891 alipata mchanganyiko uliofaa: asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia 1 oksidi ya seriamu. Mwezi Novemba mwaka huo taa hiyo iliwashwa hadharani Vienna, na baada ya muda mfupi ikaenea Ulaya na kwingineko. Karabai zilizowaangazia wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi ni wajukuu wa taa hiyo.

Thoriamu ilichimbuliwa katika mchanga wa monaziti, na baada ya kuitoa yalibaki malundo ya seriamu na jamaa zake yasiyo na kazi. Auer hakuyatupa. Mwaka 1903 alipata hataza ya aloi ya metali hizo na chuma, ambayo hutoa cheche ikikwaruzwa. Ndiyo kijiwe kilichomo katika kiberiti cha gesi hadi leo. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutengeneza taa ya umeme yenye uzi wa osmiamu.

Si kila jambo lilimwendea vyema. Alipoitenga iterbiamu akapata elementi mbili, Mfaransa Georges Urbain naye alikuwa ametangaza matokeo kama hayo mwaka 1907. Ukazuka ubishi mkali juu ya nani alitangulia. Mwaka 1909 kamati ya kimataifa ya uzani wa atomu iliamua kwa upande wa Urbain, hali Urbain mwenyewe alikuwa mmoja wa wajumbe wake wanne. Wasomi wa Kijerumani waliendelea kulitumia jina la Auer, kasiopeiamu, kwa miongo kadhaa; leo jina linalotumika ni lutetiamu. Auer aliendelea na utafiti katika maabara yake huko Carinthia hadi alipofariki tarehe 4 Agosti, 1929.

Neodimiamu aliyoitenga kwa subira ilikaa miaka mingi bila kazi kubwa. Katika miaka ya 1960 iligunduliwa kwamba fuwele yenye neodimiamu kidogo hutoa mwanga wa leza wenye nguvu. Tangu miaka ya 1970 wanasayansi wamejaribu kuutumia mwanga wa leza wenyewe kutenga atomu, hasa za urani: leza huwekwa katika rangi inayopokewa na atomu za aina moja tu, atomu hizo hupoteza elektroni, kisha huvutwa kando kwa umeme. Viwanda vya metali za ardhi adimu bado hutegemea zaidi vimiminika vinavyopitishwa hatua kwa hatua, mara nyingi sana. Lakini kanuni ya leza ni ileile aliyoitegemea Auer, kwamba kila aina ya atomu ina rangi zake.

Tunapendekeza somo hili lifundishwe kwa vitendo. Kwanza, wanafunzi wachanganye chumvi na mchanga, kisha watenge kwa maji, kitambaa na jua. Wataona kwamba vitu visivyofanana hutengana mara moja. Pili, wapewe punje 50 za mtama na 50 za choroko zenye ukubwa unaokaribiana, pamoja na kopo lililotobolewa kwa msumari. Walitikise kwa muda mfupi, wahesabu kilichopita na kilichobaki, waandike katika jedwali, kisha warudie kwa kila fungu. Baada ya marudio matano wachore grafu. Mwalimu asiwaambie matokeo kabla ya wakati, wala asiharakishe kikundi kinachosuasua, maana kusuasua huko ndiko kiini cha somo. Tahadhari moja ni ya lazima: vifuko vya zamani vya karabai visiletwe darasani, kwa kuwa thoriamu ina mnunurisho. Picha inatosha.

Mwisho, mwalimu asimulie habari ya kiwanda kilichofungwa mwaka 1889 kabla ya kueleza taa ya mwaka 1891, na awape wanafunzi nafasi ya kusema wao wangefanya nini katika miaka ile miwili. Tunaamini kwamba mtoto aliyekwisha kulijibu swali hilo hatalitupa daftari lake siku jaribio lake litakapoharibika.