Muyaka alibaki vifuani mwa watu, sisi tunahifadhi nini?

Wiki hii nimzungumzie mtu ambaye wengi wetu tulimsoma darasani, kisha tukamsahau mtihani ulipokwisha. Naye ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, mshairi wa Mombasa, aliyezaliwa karibu mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840.

Kabla ya Muyaka, tungo nyingi zilizoandikwa pwani zilikuwa tendi za dini. Yeye alitunga juu ya njaa, ndoa, mapenzi, marafiki wasaliti na siasa. Mombasa na Pate walipoishambulia Lamu, vita vilivyoishia Shela karibu mwaka 1812, alipigana kwa kalamu, na washairi wa Lamu, akiwamo Bwana Zahidi Mngumi, nao hawakunyamaza. Baadaye Seyyid Said alipoitaka Mombasa, Muyaka alisimama na Wamazrui mpaka walipoangushwa mwaka 1837. Miaka mitatu baadaye akarejea kwa Mola wake.

Tujiulize: mashairi hayo yalitufikiaje? Zama hizo Mombasa haikuwa na gazeti wala mtambo wa kuchapa. Shairi lake lilikuwa na mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita, na vina vinavyonasa sikioni. Aliyelisikia alilihifadhi, akamsomea mwenziwe. Mwenye wino aliweza kulinakili kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo Waswahili walizoandikia lugha yao. Msomaji ndiye aliyekuwa mchapishaji.

Lakini kifua cha mtu nacho hufa. Miongo kadhaa baada ya Muyaka kuzikwa, mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliwaendea wazee waliokuwa wakiyakumbuka mashairi yale, akayaandika. Akafanya kazi hiyo pamoja na mmishionari wa Kiingereza, W. E. Taylor. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890, na karatasi za Taylor zikaishia London. Mwaka 1940 William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg, kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka mjini Nairobi.

Zamani nilikuwa miongoni mwa wanaolalamika kwamba hata mshairi wetu tumekuja kuhifadhiwa na mmishionari. Siku hizi nasema tofauti. Bila ya wazee wale na Mwalimu Sikujua, Taylor angepata wapi? Mnyororo ulianza kwa Waislamu wenyewe. Swali ni nani aliuachia.

Niliwahi kuwa katika nyumba moja baada ya arobaini ya mzee wao. Sanduku lilifunguliwa, zikatoka karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mmoja akasema ni aya, mwingine akasema ni hirizi. Zikachomwa kwa heshima zote. Mimi nimesoma madrasa na Qur'an naisoma, Alhamdulillah, lakini mwandiko ule ulinishinda. Neno moja tu nililibaini kabla ya moto, nalo lilikuwa la Kiswahili. Huenda ilikuwa barua, deni au shairi. Hatutajua kamwe.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazazi na walimu wa madrasa zetu. Watoto wetu wanazijua herufi tayari. Kinachokosekana ni saa moja kwa wiki ya kuwasomesha Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo hizo. Na wewe uliyerithi sanduku, usichome kitu kabla hujampata wa kukisoma. Wazee wanaoweza bado wapo, lakini wanapungua kila mwaka. Mwalimu Sikujua aliwawahi wa kwake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Muyaka, amrehemu Mwalimu Sikujua, na awarehemu wote waliobeba maneno yale vifuani bila ya majina yao kuandikwa popote.

Wabillahi tawfiq.