Ding Ying na Mpunga wa Mwitu

Kwetu sisi watu wa Pwani karamu bila ya wali si karamu. Lakini ni wangapi kati yetu waulizao mpunga ulikuwa wapi kabla ya binadamu kuupanda? Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za marehemu Ding Ying, Mchina aliyelifuata swali hilo umri wake mzima.

Alizaliwa mwaka 1888 katika jimbo la Guangdong, kusini ya Uchina, mtoto wa wakulima. Alisomea kilimo Tokyo, akahitimu mwaka 1924, akarudi kufundisha mjini Guangzhou. Wakati huo wataalamu wengi wa ng'ambo walishikilia kwamba asili ya mpunga ni Bara Hindi. Yeye hakuridhika.

Mwaka 1926, nje kidogo ya mji huo, aliukuta mpunga wa mwitu umejiotea majini. Mkulima hana haja na mmea huu: punje zikiiva hupukutika, mvunaji akija hakuti kitu. Wazee wa kale walichagua masuke yaliyoshika punje zake, wakayapanda tena na tena, mpaka ukawa mpunga wa shambani. Nionavyo mimi, hapo walipata kimoja wakapoteza kingine, kwani wa mwitu haulelewi na mtu na umezoea shida.

Shida hizo ndizo alizozitaka Ding Ying. Mmea ule ulikuwa umekwisha kuchanganya mbegu na mpunga wa mashamba ya jirani. Alizipanda mbegu zake, akachagua mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1933 akatoa aina iitwayo Zhongshan nambari 1, yenye kustahimili baridi na ardhi hafifu. Mwaka 1936, kwa mpunga wa mwitu kutoka Bara Hindi, alipata suke moja lenye punje zaidi ya 1,000. Mwenye kupepeta mpunga kwa ungo atajua ajabu yake!

Guangzhou ilipotekwa na Wajapani mwaka 1938, aliokoa mbegu zake kwanza ndipo akahama.

Mwaka 1957 alieleza kwamba mpunga wa Uchina umetokana na mpunga wa mwitu wa huko huko kusini. Wachimbaji wa mambo ya kale baadaye walikuta punje kongwe kwenye bonde la mto Yangtze, kaskazini zaidi. Basi kwa nchi alisema kweli. Kwa mahali hasa, wataalamu wangali wakibishana.

Mwaka 1963, mzee na mgonjwa, alikuwa bado akizunguka mashamba ya mpunga ya kaskazini-magharibi. Alifariki Beijing Oktoba 1964.